Kikale na Ikulu: Hoja ya Kuhifadhi Nyumba za Watawala wa Buhaya

1.0 Utangulizi

Tarehe 9 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Kiapo cha kisheria hakikuonekana kutosha peke yake: katika sherehe hizo alivikwa pia vazi na kukabidhiwa mkuki kwa desturi ya utawala wa jadi. Siku iliyofuata alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ambayo ingetafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote. Mwanzoni mwa 1963 sheria ikafuta mamlaka ya machifu. Jamhuri, basi, iliazima alama za watawala wa jadi katika siku yake ya kuzaliwa, kisha ikawaondoa watawala wenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba uamuzi wa kisiasa wa 1963 haukupaswa kuwa hukumu ya nyumba zao, na kwamba Bukoba na Muleba ni mahali panapofaa kuanza kuzihifadhi.

2.0 Ushahidi wa lugha

Neno "ikulu", ambalo leo ni jina la makao ya Rais, limetoka katika Kinyamwezi na Kisukuma, ambamo lilitaja makao ya mtemi. Kila Mtanzania anapolitamka analitaja boma la jadi bila kujua. Katika Kihaya makao ya Omukama huitwa "kikale". Neno hili halikubahatika kuingia katika Kiswahili sanifu, na nyumba lililozitaja, kuanzia Kiziba hadi Kanazi, makao ya Omukama Kahigi wa Kihanja, na Ihangiro iliyo katika Muleba ya leo, hazikubahatika kuingia katika mipango ya taifa kama inavyostahili.

Tofauti ya "kuapishwa" na "kutawazwa" nayo ina funzo. Mtu huapishwa kwa maneno, popote penye shahidi mwenye mamlaka. Kutawazwa katika nchi za Maziwa Makuu kulihitaji mahali: nyumba maalumu, ngoma, na watu wa koo mbalimbali, kila ukoo na kazi yake. Ndiyo maana katika lugha za eneo hilo "engoma" ni chombo na pia ni utawala wenyewe. Nyumba ikianguka, maana ya pili hubaki kamusini bila mahali pa kuisimamisha.

3.0 Pingamizi

Wako watakaosema kuwa kikale kilikuwa kitovu cha nyarubanja, mfumo uliomfanya mkulima kuwa mpangaji katika kibanja alichokilima mwenyewe, hata ikabidi sheria ya 1965 iingilie kati kumkomboa. Hoja hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini kuhifadhi si kutukuza. Maboma ya Wajerumani yanahifadhiwa bila mtu kudai kuwa ukoloni unarudishwa. Kikale kihifadhiwe pamoja na habari za mpangaji aliyekilisha; kikibomoka, ushahidi wa dhuluma hiyo nao utakuwa umepungua.

Pingamizi la pili ni kwamba nyumba hizi ni mali ya warithi. Hilo ni kweli, na hakuna mpango utakaofaulu bila ridhaa yao.

4.0 Mapendekezo

Tetemeko la Septemba 10, 2016, lililobomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera, lilionyesha kwamba muda haumsubiri mtafiti. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu. Majengo ya zama za Wajerumani hayalindwi kwa umri wake pekee; yanahitaji tangazo hilo. Halmashauri za Bukoba na Muleba zingepaswa kuorodhesha nyumba hizo na kuyapeleka maombi.

Kwa upande wao, idara za Kiswahili na isimu zina kazi isiyongoja fedha za ukarabati: kukusanya kwa wazee istilahi za ujenzi wa msonge, za sehemu za kikale na za vyeo vya watumishi wake. Makaburi ya Kasubi nchini Uganda yaliteketea mwezi Machi 2010, na kuyajenga upya kulitegemea waliojua kuezeka kwa desturi ya Buganda. Nyumba iliyoanguka yaweza kusimamishwa tena ikiwa wapo wanaojua kila mti uliitwaje na ulikaa wapi. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kina msonge wa Wahaya. Lakini msonge ulioko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Muleba hauwezi kumfundisha mtoto wa Muleba lugha ya nyumba ya bibi yake.

Taifa lililoita makao ya Rais wake kwa jina la boma la mtemi haliwezi kudai kwamba maboma hayo hayalihusu.