Nunueni Tiketi, Msinunue Wiki

Swali linaloulizwa ni hili: kwa mtu anayeanza, ni taimusheya ipi inafaa kununuliwa ili aibadilishe kwa likizo za nchi za nje? Nimelisikia kwa ndugu zetu waliohamia Marekani na Kanada kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na siku hizi nalisikia hata hapa Ruharo, kwa wanafunzi wenzangu wanaotumiwa video za nyumba za ufukweni na jamaa walioko ng'ambo. Anayeuliza hutarajia kutajiwa jina la hoteli au la kampuni. Mimi nasema swali lenyewe limekosewa. Kwa familia kama zetu, zilizotawanyika huku na huku mwa mipaka, hakuna wiki ya kwanza iliyo nzuri ya kununua kwa ajili ya kubadilishana. Nitaeleza kwa nini, kisha nitawajibu wanaosema kwamba maneno haya ni ya kuwakatisha maskini tamaa.

Tuanze na kitu chenyewe. Taimusheya ni umiliki wa zamu. Nyumba moja ya mapumziko hugawanywa katika wiki za mwaka, na kila mnunuzi hupata wiki yake. Mpango huu ulianza Ulaya katika miaka ya 1960, ukaja kukua sana Marekani. Mwaka 1974 ilianzishwa kampuni ya RCI mjini Indianapolis, na mwaka 1976 ikafuata Interval International. Kazi ya kampuni hizi mbili ni kubadilisha wiki: mwenye wiki ya Florida anaiweka kwao, kisha anaomba ya Uhispania au ya Afrika Kusini. Siku hizi wengi huuziwa pointi badala ya wiki, lakini msingi ni uleule.

Sisi tunaosoma sarufi tuna haki ya kulikagua neno kabla ya kulikubali. Kubadilishana ni kauli ya kutendana: mimi nakupa, wewe unanipa, na sote wawili tunajua tulichopeana. Katika biashara hii hakuna kutendana. Unaiweka wiki yako kwenye ghala la kampuni. Kampuni inaipima kwa msimu, kwa mahali ilipo, kwa ukubwa wa nyumba na kwa muda uliobaki kabla ya tarehe yake. Baada ya hapo inakuonyesha unachoweza kuchukua. Mizani ni ya kampuni, na mwenye mizani anaweza kuibadilisha wakati wowote.

Hili limekwisha kutokea. Kwa miaka mingi kulikuwa na Wamarekani walionunua wiki za Afrika Kusini bila nia ya kuziona. Ada zake zililipwa kwa randi, zilikuwa ndogo, na wiki hizo zilibadilishwa kwa nyumba za gharama kubwa Marekani na Ulaya. Ilionekana kuwa akili nyingi. Kisha vipimo vikabadilishwa. Mwaka 2010 RCI ilianza mfumo mpya wa kuipa kila wiki alama zake, na wiki nyingi za namna hiyo zikapoteza nguvu. Kabla ya hapo, mwaka 2006, kampuni hiyo ilikuwa imeshtakiwa New Jersey na wanachama wake waliodai kwamba wiki nzuri walizoziweka zilikuwa zikipangishwa kwa watu wa nje. Kesi iliishia kwa mapatano. Na huko Afrika Kusini kwenyewe, Tume ya Taifa ya Walaji ilifungua uchunguzi wa hadhara mwaka 2017 baada ya malalamiko mengi, yakiwemo ya mikataba isiyo na mwisho na ya watu wanaolipa kila mwaka lakini wakiomba nafasi hawapati. Kama wenyeji wa nchi yenye biashara hii kuliko sehemu nyingi za Afrika wamelia hivyo, mgeni wa jana atasalimika vipi?

Sasa tuje kwenye hesabu. Marekani, bei ya wiki mpya kutoka kwa muuzaji imepita, kwa wastani, dola 20,000. Ada ya matunzo ya mwaka imepita dola 1,000, nayo hulipwa uende usiende. Ukitaka kubadilisha, unalipa uanachama wa kampuni ya kubadilisha, karibu dola 100 kwa mwaka, na kila badiliko lina ada yake inayozidi dola 200. Jumla ni kama dola 1,300 kwa mwaka, na hapo hujakata tiketi ya ndege hata moja. Wiki hizohizo, mwenyewe akichoka, mara nyingi hutangazwa kwenye soko la mitumba kwa dola 1, na bado hazipati mtu. Mnunuzi wa mitumba anajua kwamba akichukua karatasi amechukua pia ada isiyokoma. Ndiyo maana anaikwepa hata kwa dola moja.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Nina dada, mtoto wa shangazi yangu. Sisi wa Kivu mkubwa wetu humwita yaya, wala hatumaanishi mlezi wa watoto. Aliishi Nakivale miaka tisa kabla ya kuhamishiwa Marekani. Katika mwaka wake wa tatu huko, kampuni moja ilimwalika asikilize maelezo kwa dakika 90 ili apewe kadi ya kununulia vitu dukani. Dakika 90 zikawa saa nne, naye akatoka amesaini mkopo wenye riba ya juu. Alinipigia simu kwa furaha.

"Mdogo wangu, mama ataiona bahari. Wamesema wiki yangu naibadilisha kwa Mombasa, tukutane wote huko."

Nikamuuliza, "Yaya, mama atavuka Busia kwa karatasi gani?"

Alinyamaza. Shangazi yangu ana kitambulisho cha mkimbizi kinachomruhusu kukaa Uganda. Cha kumvusha mpaka ni hati ya kusafiria, ile iliyotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Hati hiyo huombwa ofisini, husubiriwa, na ikipatikana haimlazimishi afisa wa nchi nyingine kufungua mlango. Hakuna aliyemuuliza yaya habari hiyo katika zile saa nne. Waliuliza kama ana kazi na kama ana kadi ya benki. Sasa kila mwezi, kabla hajatuma kitu Nakivale, mkopo umeshakula sehemu yake, na mdogo wetu aliye sekondari amekaa nyumbani nusu muhula kwa kukosa karo. Huo ndio uzito wa jambo hili. Dola zinazolipia wiki ya mapumziko isiyopumzikiwa zilikuwa daftari, sare na chakula cha mtu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu kuu. Thamani ya wiki ya kubadilishana haizidi thamani ya pasipoti ya mwenyewe. Mfumo huu ulitungwa na watu wanaoamka asubuhi, wanachagua nchi kwenye ramani, na wanaingia kwa kuonyesha kitabu kidogo mlangoni. Kwao, kizuizi cha safari ni malazi, na kampuni ikiondoa kizuizi hicho wanasafiri. Kwetu malazi ndiyo kizuizi kidogo kuliko vyote. Ombi la viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185. La viza ya Schengen limekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Ukikataliwa, hurudishiwi hata senti. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamchukulia kila mwombaji wa viza ya namna hiyo kuwa anataka kuhamia huko moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba sivyo. Mkataba wa wiki moja Orlando hauthibitishi chochote. Hata mkimbizi aliyehamishiwa Marekani, kabla hajapata uraia, hutoka nchini humo kwa hati maalumu ya kusafiria ambayo muda wake ni mwaka mmoja.

Kwa upande mwingine, ziko safari ambazo wenzetu raia wanaweza kuzifanya kesho. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mwanafunzi wa Mbarara aliye raia anaweza kupanda basi hadi Kampala, akaunganisha Nairobi, akafika Mombasa, akapanga chumba kwa siku anazozitaka na kulipia siku hizo tu. Basi tazameni: tunakoweza kwenda, hatuihitaji wiki ya kubadilisha, tusikoweza kwenda, wiki haitufungulii mlango. Kati ya hizo mbili, muuzaji anatuuzia nini?

Wapo watakaonijibu kwamba nawadharau watu wetu, kana kwamba likizo ni ya wazungu na sisi ni watu wa kutuma karo tu. La hasha. Mkimbizi ana haki ya kupumzika kama mtu mwingine, na mama aliyelima Rubondo miaka kumi anastahili kukaa ufukweni bila kazi. Kwa sababu hiyohiyo nakasirika anapouziwa jina la mapumziko badala ya mapumziko. Wengine watasema wako watu wanaofaidika na mabadilishano haya mwaka hadi mwaka. Ni kweli, wapo. Ni watu wanaoweza kupanga safari mwaka mmoja au miwili kabla, wasiofungwa na zamu za kiwandani wala na likizo za shule, wenye pasipoti inayokubalika kila mahali, na walionunua mitumba kwa bei ya chini. Asiyekuwa na sifa hizo akiiga tembo, methali inajua mwisho wake.

Na yule ambaye hata baada ya haya yote bado anataka kununua, asinunue bila kujiuliza maswali manne. Kwanza: kama kampuni ya kubadilisha ingefungwa leo, ningependa kwenda kwenye nyumba hiihii kila mwaka kwa fedha yangu? Kama hapana, usinunue. Pili: ada ya mwaka ni kiasi gani, nani anaipandisha, na mkataba unaisha lini? Kama hakuna tarehe ya mwisho, usinunue. Tatu: kitu hikihiki kinauzwaje kwenye mitumba? Ukiona tofauti ya maelfu ya dola, umeshajua bei ya kadi ya zawadi uliyoahidiwa. Nne: nina siku ngapi za kughairi? Florida sheria inampa mnunuzi siku 10, na Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 2008, siku 14. Muuzaji anayesema bei ni ya leo tu anajua kwamba siku hizo zipo, na hataki uzitumie kufikiri.

Lakini mimi nina pendekezo lililo bora kuliko maswali hayo. Watu wetu wanajua kubadilishana kwa kweli. Wakongo wanaita likelemba, Watanzania wanaita upatu, Wakenya wana vyama vyao: kila mwezi kila mmoja anatoa, na kila mmoja kwa zamu yake anapokea. Hapo kauli ya kutendana inafanya kazi yake yote, kwa sababu unamjua unayempa na unayekupa. Familia yenye watu sita walioko ng'ambo, kila mmoja akitoa dola 20 kwa mwezi, mwisho wa mwaka ina dola 1,440. Hizo zinazidi gharama ya mwaka ya kushikilia wiki moja na kuibadilisha, na mara nyingi, mtu asipong'ang'ania Desemba, zinatosha tiketi ya mmoja wao hadi Entebbe na kurudi. Mwaka huu aje huyu, mwaka ujao yule. Atakayesafiri ni yule mwenye hati, amfuate asiye na hati mahali alipo. Malazi hayatamsumbua, maana kila aliyewahi kukaa kambini ana mkeka wa kulalia kwa watu.

Nawaomba walimu wetu pia wasiliache jambo hili mikononi mwa wauzaji. Tangu Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda limeidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, nasi tunakisherehekea kwa mashairi na ngoma kila tarehe 7 Julai. Ni vizuri. Lakini lugha rasmi ni pamoja na lugha ya mkataba, na mikataba hii ndugu zetu wanaisaini kwa Kiingereza ambacho wengi hawajakimudu. Darasa moja la kutafsiri ukurasa wa ada na ukurasa wa kughairi, likatumwa kwa sauti kwenye makundi ya WhatsApp ya Wanakivale walioko Marekani, lingeokoa fedha nyingi kuliko insha hii. Tunayo lugha, tunao wanafunzi, na namba za simu za ndugu zetu tunazo. Tuanze muhula huu.