Chanjo ya Sida: tumaini lipo, lakini dawa tusiziache

Mwaka 2025, jarida la Science lilitoa matokeo ya jaribio la chanjo lililofanyika Kigali, kwa jirani zetu, na Afrika Kusini. Kati ya watu 18 waliopimwa, 17 walionyesha kile wataalamu walichokitafuta. Je, chanjo ya Sida imepatikana? Bado.

Virusi vya Sida hubadilisha sura yao kila mara, hivyo kingamwili, yaani askari wa mwili, zinashindwa kuvitambua. Lakini kuna mahali ambapo haviwezi kubadilika ovyo: pale vinaposhikia chembe ya damu ili viingie. Wagonjwa wachache, baada ya miaka, hutengeneza kingamwili zinazopiga hapo na kuzuia aina nyingi za virusi. Wataalamu wanataka kuufundisha hivyo mwili usio na virusi, kwa chanjo zinazofuatana hatua kwa hatua. Jaribio hili lilifikia hatua ya kwanza: kuamsha chembe zinazoweza kuja kutengeneza kingamwili hizo. Bado hazijakomaa, na halikuthibitisha kwamba mtu amekingwa.

Wapendwa, tumshukuru Mungu kwa elimu hii, na mimbarani tuseme ukweli. Ndugu anayemeza ARV asiache hata siku moja kwa kungoja chanjo. Mchungaji anayemwambia azitupe, iwe kwa habari ya chanjo au kwa jina la maombi, anamhatarisha. Shamba lililopandwa leo halilishi watoto usiku huu.