Nani Anahesabu Wimbo Nambari Moja Juba?

Kila wasanii wa Juba wanapokusanyika Nyakuron au kwenye kumbi nyingine za mji, lalamiko ni lile lile: redio zetu zinapiga nyimbo za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam mchana kutwa, na za hapa nyumbani zinasubiri usiku watu wamelala. Dawa inayotajwa mara nyingi ni sheria. Serikali iagize kwamba sehemu kubwa ya muziki wa redio uwe wa Sudan Kusini, na mambo yatanyooka.

Lalamiko hilo nalielewa na nalikubali. Dawa ndiyo inayonitia shaka. Asilimia inajaza saa za hewani, lakini haisemi wimbo gani unastahili saa hizo. Mtangazaji atapiga nyimbo za nyumbani kama alivyoagizwa, naye ndiye atakayeamua ni za nani: za rafiki yake, za ndugu yake, au za yule aliyemwachia bahasha. Swali la kwanza, kwa maoni yangu, ni nani anahesabu nyimbo zinazopendwa, na anahesabu nini.

Majirani zetu wameshaipitia njia ya asilimia. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba robo tatu ya muziki wake uwe wa Kikenya. Agizo halikudumu, likaachwa baada ya muda mfupi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilifika mbali zaidi, kwa sababu haikuishia kwenye kuagiza. Iliziita bendi katika studio zake na kuzirekodi yenyewe, mwaka baada ya mwaka, na nyimbo hizo zinapigwa hadi leo. Bila studio na bila mafundi, sheria ya asilimia inawaadhibu watangazaji kwa kukosa kitu ambacho hakuna aliyewatengenezea.

Mfano unaonifundisha zaidi uko mbali kidogo, nao ni wa baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana wa Uingereza aliyetaka kusikia muziki wa rika lake alikuwa na taabu. BBC ilibanwa na mapatano yake na makampuni ya rekodi na chama cha wanamuziki, ikaruhusiwa kupiga santuri kwa saa chache tu kwa siku. Radio Luxembourg ilisikika usiku, lakini muda wake ulikuwa umenunuliwa na makampuni makubwa ya rekodi ili yapige bidhaa zao. Inasimuliwa kwamba Ronan O'Rahilly, kijana wa Kiayalandi, alizunguka na santuri ya Georgie Fame bila kupata redio ya kuipiga, akaamua kuanzisha yake. Machi 1964 Radio Caroline ilianza kutangaza kutoka kwenye meli iliyotia nanga nje ya pwani ya mashariki ya Uingereza, ng'ambo ya maili tatu ambazo sheria ya nchi ilifika. Desemba mwaka huo ikafuata Radio London, nayo juu ya meli.

Redio hizo, zilizoitwa za maharamia, zilikuwa na orodha zao za nyimbo. Ya Radio London iliitwa Fab 40, na wasikilizaji waliingoja kila wiki kama matokeo ya mechi. Lakini haikuwa hesabu ya santuri zilizouzwa madukani. Kwa sehemu kubwa ilitokana na masikio ya watu wa redio yenyewe: walichoamini kitavuma ndicho kilichopanda. Mara nyingi walipatia, na wimbo ulishika nafasi za juu kwao kabla haujaonekana kwenye orodha za magazeti. Wasanii wengi waliokuwa wamefungiwa milango walipata nafasi kwa njia hiyo, na hilo ni jambo jema lisilopingika.

Upande wa pili ni huu. Mlango uliofunguliwa na masikio ya mtu mmoja hufunguliwa pia na mfuko wa mwingine. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 huko Caroline, mfanyabiashara Philip Solomon, aliyekuwa na kampuni ya rekodi ya Major Minor, aliingia katika uongozi wa redio hiyo. Nyimbo za kampuni yake zikaanza kusikika mno, na nafasi hewani zikauzwa. Msikilizaji nyumbani hakuwa na njia ya kujua wimbo upi umepigwa kwa kupendwa na upi kwa kulipiwa. Wale waliokimbilia baharini kuukwepa muziki wa kununuliwa wakaishia kuuuza.

Agosti 1967 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku redio hizo kwa sheria, na Septemba 30 mwaka huo BBC ikazindua Radio 1, ikiwa na watangazaji kadhaa waliotoka kwenye meli zile. Lakini hata hapo Uingereza haikuwa na orodha moja ya nyimbo. Kila gazeti la muziki lilikuwa na yake, na BBC ilichanganya tu zilizokuwepo. Ilikuwa Februari 1969 ndipo BBC na gazeti la Record Retailer walipochangia kumlipa mhesabuji mmoja akusanye mauzo kutoka madukani. Hesabu hiyo nayo ilichezewa na wajanja, lakini angalau kila mtu alijua inahesabu nini.

Kwa nini hayo yanatuhusu? Kwa sababu redio zetu nazo zimelelewa nje ya mkono wa dola. Radio SPLA, ya wapiganaji wa kusini, ilisikika kwenye masafa mafupi kutoka Ethiopia kuanzia 1984, ikanyamaza 1991 mtawala wa nchi hiyo, Mengistu, alipoanguka. Watu waliisikiliza kwa siri, sauti ikiwa chini. Eye Radio ilizaliwa 2003 kwa jina la Sudan Radio Service, ikitangaza kutoka Washington, kisha Nairobi, ndipo ikaja Juba 2010. Mwaka 2016 ilifungiwa kwa siku kadhaa baada ya kurusha sauti ya kiongozi wa upinzani Riek Machar. Radio Miraya, iliyoanza 2006, ni ya Umoja wa Mataifa. Machi 2018 Mamlaka ya Vyombo vya Habari iliamuru isitishwe, nayo ikaendelea kusikika. Eneo la Umoja wa Mataifa lilikuwa kwake kama bahari ile nje ya maili tatu.

Historia hiyo inanifanya nisite kuikabidhi serikali orodha ya nyimbo. Mamlaka inayoweza kufunga redio kwa sauti ya mwanasiasa haitashindwa kuuondoa wimbo kwenye kumi bora kwa sababu mwimbaji amesema amechoka. Ana Taban, kundi la wasanii lililoanza 2016, lilichukua jina lake kwenye maneno hayo hayo ya Kiarabu cha Juba.

Kuna hesabu moja ambayo tayari inafanyika mjini, na hakuna anayeiandika. Nenda Konyokonyo au Custom kwenye kibanda cha kuchaji simu. Jenereta iko nje, kompyuta ya zamani iko mezani, na simu za watu zimepangwa kwenye ubao kila moja na waya wake. Mteja anatoa memori kadi na kutaja anachotaka. Kijana anafungua folda: Bongo, Uganda, Lingala, South Sudan, na ndani ya hiyo ya mwisho majina ya wasanii, kuanzia Emmanuel Kembe hadi vijana wa juzi. Mteja analipa fedha taslimu, naye halipi kwa kumhurumia mtu. Kijana yule anajua wimbo gani umeombwa mchana kutwa na upi haujaguswa tangu uingie. Kwa nchi ambayo wengi hawana intaneti ya uhakika, kibanda hicho kinasema kweli kuliko idadi ya watazamaji YouTube, ambayo inaweza kupanda kwa nguvu ya jamaa zetu walioko Australia na Marekani.

Wapo watakaopinga kwa hoja nzito kuliko zote: orodha ya nyimbo katika nchi iliyopigana kwa makabila itageuka sensa. Wimbo wa Kidinka ukiongoza, mwenye lugha nyingine atasema ameibiwa. Wa Kinuer ukishuka, ataona njama. Hatari hiyo ipo kweli, na kura za simu zingeizidisha, maana kura hizo hushindwa na mwenye salio na mtandao unaoshika. Mtu wa Bentiu au Malakal, ambako mitandao ilikatika miaka ya vita, angehesabiwa sifuri. Ndiyo maana nasema zihesabiwe nyimbo zilizopigwa redioni na zilizopakiwa vibandani, wala zisipigiwe kura, na vibanda vya Wau, Malakal na Yambio vihesabiwe pamoja na vya Juba. Nyimbo za Kiarabu cha Juba zitafanya vizuri, na sioni ubaya: lugha hiyo haina kabila linaloimiliki.

Mwaka 2005 Emmanuel Jal alishika nafasi ya juu Kenya kwa wimbo wake "Gua". Msanii wetu alipata nambari kwa jirani kabla nyumbani hakujawa na mahali pa kuipata. Kazi ya kupatengeneza haihitaji fedha nyingi. Kila redio ina uwezo wa kuandika daftari la nyimbo ilizopiga, ikiwemo wimbo uliolipiwa, ukiwekewa alama. Wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha Juba wanaweza kuzunguka vibandani kila wiki na kujumlisha. Matokeo yatangazwe siku moja, na redio zote, pamoja na njia ya kuhesabu.

Wakuu wa Eye Radio, Miraya, Bakhita na SSBC, hili haliwezi kuanza bila nyinyi. Fungueni madaftari yenu kabla ya kuja sheria ya asilimia, na wasanii wetu wajue wanashindana na nani.