Mbegu Iliyozikwa

Mnamo Desemba 1986 alifariki huko Nairobi wakili maarufu, S. M. Otieno, mzaliwa wa Nyalgunga katika Siaya. Mkewe alitaka azikwe shambani kwao Upper Matasia. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka arudishwe kwa baba zake. Shauri likaenda mahakamani, na mwili ukangoja hata tarehe 23 Mei, 1987, ndipo ukazikwa Nyalgunga. Mimi simlaumu mtu yeyote katika habari hiyo. Lakini nikitazama matanga yetu hapa Nyakach naona kwamba hatujabadilika: twabishana sana juu ya mahali pa kulala, na juu ya kuamka twasema machache.

Kazi yangu ni ya karatasi. Mtu akifia nyumbani, jamaa zake humwarifu naibu wa chifu, hupewa kibali cha kuzika, na baadaye jina huingia daftarini. Majina hayo nimeyazoea kama mwenye duka alivyozoea mizani. Walakini mwaka jana liliandikwa jina la mama yangu. Maneno ya mchungaji niliyokuwa nimeyasikia katika matanga ya wengine, nikiitikia "Amina" pasipo taabu, siku ile yalinidai jibu: Je, wewe wayasadiki?

Wajaluo wa zamani hawakuyapokea mauti kwa unyonge. Mzee alipofariki, wanaume walikusanya ng'ombe, wakashika mikuki na ngao, wakaenda mbio kwa nyimbo na kelele ili kuyafukuza mauti yatoke katika nchi yao. Desturi hiyo, ambayo huitwa tero buru, wahubiri wengi waliichukia. Nami naona kwamba wazee walijua jambo moja ambalo sisi wenye kusoma twalisahau, yaani mauti ni adui. Mtume Paulo naye aliyahesabu kuwa adui, tena wa mwisho kushindwa. Ila ng'ombe wakisharudi zizini jioni, kaburi li palepale.

Paulo huyo aliposimama mbele ya baraza la Athene aliwaambia kwamba Mungu aliwawekea mataifa nyakati zao na mipaka yao ili wamtafute, hata kwa kupapasa, kwa kuwa hayuko mbali. Wazee wetu nao walipapasa. Alfajiri walilitemea mate jua lichomozalo, wakiomba siku iwe njema. Walimwita Mungu Nyasaye, na tena Nyakalaga, yeye aeneaye kila mahali. Na Biblia ilipotafsiriwa kwa Kijaluo, jina Nyasaye likabaki. Sasa angalieni neno hili. Watu wa Athene walimsikiliza Paulo kwa adabu muda wote aliposema habari za kumtafuta Mungu. Alipotaja ufufuo wa wafu, baadhi yao wakadhihaki, na wengine wakamwambia watamsikiliza siku nyingine. Kumtafuta Mungu hakumchukizi mtu. Kaburi kufunguka, hapo ndipo wenye elimu hujikwaa, na karani wenu pamoja nao.

Kwa Wakorintho Paulo alitumia mfano wa mkulima, nao wafaa sana kwetu tupandao mtama. Mwalimu wangu wa sayansi alitufundisha kwamba punje iotayo haikufa kamwe. Kiini chake kilikuwa hai ndani ya ganda. Ni kweli, wala mfano hauvunjiki kwa sababu hiyo. Paulo alikuwa akijibu wale waliouliza wafu watakuja na mwili wa namna gani. Apandaye mtama hafukii bua wala suke, hufukia punje kavu isiyo na sura. Mtu asiyepata kuliona shamba hata akionyeshwa punje ile kiganjani hawezi kukisia bua lirefu kuliko yeye. Basi mimi niliyekiona chuma cha kitanda cha hospitali na mikono ya mama iliyokonda, sina haki ya kusema kwamba nimeona yote yaliyomo.

Bado napapasa. Ziko siku sala hunijia nyepesi, na ziko siku ni kama kuhutubia ukuta. Kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya Katito kwenda kazini, hupita penye kaburi lake. Mtama wa masika umeota karibu na udongo ule, nao sasa wanifika kiunoni. Husema Baba Yetu kwa Kijaluo, kama alivyonifundisha yeye, kisha huenda zangu.