Huo Si Uwindaji

Sisi wa Afrika Mashariki dubu twamjua kwa jina tu, nalo asili yake ni Kiarabu. Misituni mwetu hayumo. Hata hivyo, yanayomfika katika jimbo la Maine, Marekani, yanatuhusu sisi wapenzi wa maneno. Huko mbwa hufungwa shingoni mikanda yenye vifaa vya kuonyesha waliko, wakaachiliwa wamkimbize dubu mweusi hadi apande mti. Mwenye bunduki hutazama chombo chake, akafika kwa wakati wake, akampiga risasi mnyama asiye na pa kukimbilia. Je, kitenzi 'kuwinda', chenye kubeba maana ya kuvizia na kunyemelea, kinastahili hapo?

Watetezi hudai kwamba dubu akiwa mtini, msasi aweza kumtambua mama mwenye watoto akamwacha. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini kumwacha baada ya kumtimua mbali, pengine watoto wamekwisha kutawanyika, ni huruma iliyochelewa. Mbwa nao hujeruhiwa.

Colorado ilipiga marufuku desturi hii kwa kura mwaka 1992, Oregon mwaka 1994. Wapigakura wa Maine walikataa mwaka 2014, wengi wakihofia uwindaji wao. Naona walikosea: Colorado dubu wangali wanawindwa, bila mbwa.