"Munganga" peke yake haitoshi

Mtu aliyepungua kilo 50 mara nyingi hubaki na ngozi inayoning'inia tumboni na mikononi, na mazoezi hayaiondoi. Kuikata ni upasuaji mkubwa: damu inaweza kuganda miguuni, kidonda kinaweza kuchelewa kupona. Amchague nani?

Hapa Lubumbashi kila mwenye koti jeupe tunamwita munganga, muuguzi na mpasuaji pamoja. Shida hii si yetu pekee. Australia, hadi 2023, daktari wa kawaida aliweza kujiita mpasuaji wa urembo. Sheria ya mwaka huo ikaliweka jina la mpasuaji kwa waliofuzu mafunzo ya juu ya upasuaji. Bunge zima lilikaa kujadili neno moja.

Kwa hiyo kazi ni yetu pia, watu wa lugha: tuwape wagonjwa majina yanayotofautisha ujuzi. Kwa sasa, anayetaka kupasuliwa aulize: "Ulisomea upasuaji gani, wapi, miaka mingapi? Umewapasua wangapi waliopungua kama mimi? Nikitokwa damu usiku, nani atanipokea?" Akikosa majibu ya wazi, atafute mwingine.