Umshtaki Nani: Ubao, Kijana wa Kaunta au Mwenye Mali?

Mwezi huu tuongee juu ya madeni ya biashara ndogo ndogo. Fundi kala malipo ya kwanza akaacha kazi, mwenye baa hajalipa mshahara, mashine ya kusaga imebaki na magunia ya watu. Haki unayo, lakini ukiandika mdaiwa asiye wake umejichosha bure.

Tuchukue mfano. Mama kapeleka mahindi kwenye mashine, akauza kwa ahadi ya kulipwa shilingi 600,000. Kijana aliyepokea aliandika kikaratasi akatia sahihi. Miezi miwili, hakuna kitu. Sasa mama anataka kumshtaki yule kijana, maana ndiye anayemjua. Jamani, kijana ni mfanyakazi tu, pengine naye anadai mshahara! Alipokea kwa niaba ya tajiri, na tajiri ndiye wa kudaiwa.

Wengine wanaandika jina lililo kwenye ubao. Ubao si mtu. Hata jina likiwa limesajiliwa Kampala kwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara, jina la biashara halina mfuko wala ng'ombe. Mwenye nalo ndiye anavyo. Mahakama za Uganda zimeshatupa kesi zilizofunguliwa dhidi ya mdaiwa ambaye kisheria hayupo. Andika vyote viwili: jina la mtu, halafu "anayefanya biashara kwa jina la" na lile jina la ubao. Wakiwa wawili wenye ubia, andika wote, kwa sababu deni la biashara yao ni la kila mmoja wao.

Kampuni ni jambo lingine. Ukiona mwisho wa jina pameandikwa Limited au Ltd, hiyo kwa sheria ni mtu peke yake. Unaishtaki kampuni yenyewe, si mkurugenzi, hata kama ndiye aliyekula chai na wewe siku ya mapatano. Nyumba yake kwa kawaida haiguswi.

Jina la kweli utalipata wapi? Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri ya mji au sub-county, na mara nyingi imebandikwa ukutani. Isome. Tazama risiti na muhuri. Kwa URSB unaweza kuomba kutafutiwa jina kwenye daftari, kwa ada. Uliza mwenye nyumba ni nani anayelipa kodi. Ukituma pesa kwa simu, jina linatokea. Lakini hapa kwetu wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mwingine, kwa hiyo hilo lisiwe ushahidi wako wa pekee. Na kama duka limeuzwa, muulize mnunuzi kama alichukua na madeni. Asipoyachukua, mdaiwa ni yule wa zamani, mfuate alikohamia.

RWC wanaweza kuwapatanisha, na tunashauri muanzie hapo, ila wao si mahakama. Mahakama ya LC husikiliza deni lisilozidi shilingi 2,000,000. Juu ya hapo, mpaka 10,000,000, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, ulioanzishwa kwa kanuni za 2011. Huko mawakili hawaruhusiwi, unajisemea mwenyewe. Kwanza unampa mdaiwa barua ya kudai, na siku 14 za kulipa. Mkimbizi anaruhusiwa kabisa. Mkataba wa 1951, kifungu cha 16, unampa njia ya kwenda mahakamani.

Basi yule mama, kabla ya barua, arudi mashineni asome leseni ukutani. Kijana wa kaunta amwite awe shahidi, maana sahihi ni yake na anajua nani alibeba mahindi.